Menyu inafunguka alafu inajifunga: uchambuzi wa kisa cha websaiti ya chuo kimoja

Mazingira ya kisa

Kisa hiki ni cha websaiti ya chuo kimoja cha kati, Tanzania. Jina la chuo, mji na watu nimevitoa, na vitu vidogo vidogo nimevibadili ili mtu asianze kukisia ni wapi, ila upande wa ufundi nimeuacha kama ulivyokuwa. Nakiandika kwa wale wanaotengeneza au kutunza websaiti za taasisi. Menyu za kushuka, zile dropdauni, kila mtu anaziona ni kazi ya kumaliza kabla ya chai, na ndo maana zinaachwa mpaka mwisho, na ndo maana zinasumbua.

Websaiti ilikuwa ya WordPress, mfumo wa kutengenezea websaiti, na themu (sura iliyoandaliwa tayari) ya zamani iliyowekwa na fundi ambaye alishaondoka na hamna aliyekuwa na mawasiliano yake. Juu kulikuwa na vichwa sita: Kuhusu Chuo, Kozi, Udahili, Wanafunzi, Matangazo, Mawasiliano. Vinne kati ya hivo vilikuwa na menyu ya kushuka, na Kozi ilikuwa na ngazi ya tatu kabisa, yaani unafungua Kozi, unaenda kwenye idara, alafu pembeni inachomoza nyingine yenye astashahada na stashahada. Linki ya fomu ya maombi ilikuwa imefichwa ndani ya Udahili, chini kabisa ya orodha.

Wageni wengi wa websaiti ya namna hii wanaingia kwa simu, tena simu ya bei ya chini na bando la kuhesabu. Wapo wanaotumia Opera Mini, browza ya simu inayobana data. Wafanyakazi wao wanaingia kwa kompyuta za ofisini, na aliyeagiza websaiti alikuwa anaiangalia kwa kompyuta ya ofisini muda wote. Hilo liweke kichwani maana linaeleza mambo mengi huko mbele.

Malalamiko yalivyokuja

Dirisha la udahili lilipofunguliwa afisa udahili akaanza kupigiwa simu. Wazazi na waombaji wanauliza kitu kimoja: "Samahani dada, fomu iko wapi?" Anawaambia bonyezeni Udahili, wanasema wamebonyeza na wamepelekwa kwenye ukurasa mweupe. Kweli, ule ukurasa wa Udahili wenyewe haukuwa na kitu, uliwekwa tu ili kichwa kiwe na mahali pa kuelekea.

Tulipoanza kukusanya malalamiko hayakufanana hata kidogo. Mwenye Android anagusa Udahili, menyu inamulika kidogo na hapohapo anapelekwa ukurasa mweupe. Mwenye iPhone anasema mara ya kwanza menyu inafunguka freshi, akigusa tena ndo anapelekwa, ila sasa menyu ikishafunguka haitaki kufunga, akigusa pembeni inabaki palepale imeziba maandishi. Wa kompyuta wao wanasema menyu inapotea kabla mausi haijafika. Mhasibu alikuwa na lake, kila akipeleka mausi juu kwenye sehemu ya kutafuta, menyu ya Kozi inafunguka yenyewe na kumfunika.

Na kuna mwalimu mmoja asiyeona, anatumia NVDA, programu inayomsomea skrini kwa sauti, yeye alishaacha kulalamika. Alikuwa na anwani za kurasa anazozihitaji kaziweka kwenye faili lake la maandishi, anazinakili kila akitaka kuingia. Tulilijua hilo kwa bahati tu, kijana wa TEHAMA pale chuoni alilitaja katikati ya maongezi mengine.

Tulichokuta ndani

Menyu yote ilikuwa inaendeshwa na `:hover` (hova) ya CSS, lugha ya kupangia muonekano wa ukurasa, basi. Mausi ikiwa juu ya kichwa, orodha inaonekana, mausi ikitoka orodha inapotea. Mtindo huu ulipata umaarufu toka 2003 hivi, enzi ambazo websaiti ilimaanisha kompyuta na mausi, na kwa enzi zile ulikuwa ufumbuzi mzuri tu.

Kwenye simu hakuna mausi, kwahiyo browza inaigiza. Ukigusa, browza inatuma matukio ya mausi ya kuigiza, "mausi imeingia", "mausi imesogea", alafu mwishoni kubofya. Browza ya Safari kwenye iPhone ina utaratibu wake, ikiona kuingia kwa mausi kumefanya kitu kipya kitokee kwenye skrini, inasimama hapo na haitumi kubofya, inakusubiri uguse tena. Chrome ya Android kwenye kesi hii ilikuwa inatuma vyote kwa mkupuo, kwahiyo menyu inaonekana kidogo na linki inafuatwa palepale. Kodi ni ileile, matokeo tofauti, na wote wawili wanaolalamika wanasema kweli.

Ile ya menyu kupotea kabla ya kufika ilikuwa na sababu ndogo mpaka inachekesha. Kati ya kichwa na orodha kulikuwa na uwazi wa pikseli chache, aliyesanifu aliona inapendeza ikiachana kidogo. Mausi ikipita kwenye ule uwazi haiko juu ya kichwa wala juu ya orodha, na browza inahesabu umetoka. Ukikimbiza mausi unapita salama, ukienda taratibu unadondokea humo. Wazee wa ofisini wanaosogeza mausi kwa utulivu ndo waliokuwa wanaumia zaidi.

Alafu kulikuwa na tatizo ambalo hamna aliyelilalamikia kwa jina. Orodha ilikuwa inafichwa kwa `opacity: 0` peke yake. Yaani haionekani, lakini ipo. Kwenye ukurasa wake, fomu ya maombi ilikuwa imekaa juu, na sehemu ya kuandika jina ilikuwa chini ya menyu hiyo isiyoonekana, mtu anagusa aandike jina lake anajikuta kwenye ukurasa wa ada. Na anayetumia kiibodi akibonyeza Tab anapita kwenye linki zote zilizojificha, moja baada ya nyingine, bila kuona yuko wapi.

Hatua ya kwanza: kuiponya hova

Dirisha la udahili lilikuwa wazi na bosi wa kitengo cha mawasiliano hakutaka kuguswa muonekano katikati ya msimu, kwahiyo uamuzi wa kwanza ulikuwa kutibu bila kubadili tabia ya menyu. Uwazi wa pikseli tukauziba, badala ya `margin` (nafasi ya nje) tukaweka `padding` (nafasi ya ndani) ili eneo la orodha lianzie pale kichwa kinapoishia. `opacity` tukaipa mwenzake `visibility`:

```
.orodha {
  visibility: hidden;
  opacity: 0;
  transition: opacity .15s, visibility 0s .3s;
  transition-delay: .3s;
}
.kichwa:hover .orodha {
  visibility: visible;
  opacity: 1;
  transition-delay: .15s;
}
```

Kwanini `visibility` na sio `display: none`, ni kwasababu `visibility: hidden` inatoa linki kwenye njia ya Tab na kwenye njia ya kidole, sawa na `display: none`, ila yenyewe inakubali kucheleweshwa. Na kuchelewesha ndo kulikuwa kunahitajika. Kabla ya kufungua inasubiri sehemu ndogo ya sekunde ili mausi inayopita tu isiamshe menyu, na kabla ya kufunga inasubiri kidogo zaidi ili mtu aliyeteleza nje arudi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia websaiti, kwa menyu kubwa alishauri kusubiri nusu sekunde nzima kabla ya kufungua, sisi tuliona nusu sekunde kwenye kompyuta za pale, ambazo zenyewe ni nzito, mtu atadhani imekwama.

Kwa upande wa kompyuta hali ilitulia. Mhasibu akawa haonewi tena. Ila ngazi ya tatu ya Kozi ikabaki na ugonjwa wake wa mshazari: orodha inachomoka kulia, mtu anaelekeza mausi moja kwa moja kwenye anachokitaka, njiani anapita juu ya idara nyingine na orodha inabadilika mbele ya macho yake. Hili ni tatizo la zamani, msanifu Bruce Tognazzini alishalifanyia kazi akiwa Apple miaka ya 1980, na mwaka 2013 mtengeneza programu Ben Kamens alieleza jinsi menyu kubwa ya Amazon inavyochora pembetatu isiyoonekana kutoka kwenye mausi mpaka pembe za orodha, ukisogea ndani ya pembetatu haibadilishi kitu. Inawezekana kuiga. Ila kuiga pembetatu ya Amazon kwa ajili ya idara za chuo cha kati, mi naona ni kutibu orodha ambayo haikutakiwa kuwepo.

Simu zikabaki vilevile.

Hatua ya pili: kuongeza kubofya juu ya hova

Hapa ndo kisa chenyewe kilipo, kwahiyo nitakaa kidogo.

Kwa kuwa wa simu bado wanalia, ikaonekana njia rahisi ni kuacha hova kwa ajili ya kompyuta na kuongeza kubofya kwa ajili ya simu. Themu ilikuwa na jQuery tayari, yaani mkusanyiko wa kodi za JavaScript, lugha inayoipa websaiti matendo, mwenzetu mmoja akaandika mistari michache: kichwa kikiguswa, zuia linki isifuatwe, geuza menyu, kama imefungwa fungua, kama iko wazi funga. Kusikia ni kitu sahihi kabisa. Kwenye kompyuta yake, akipunguza dirisha la browza liwe na upana wa simu, ilikuwa inafanya kazi mara nyingine na mara nyingine hapana, akadhani ni kashe, yaani nakala ya zamani browza iliyoihifadhi.

Kwenye simu halisi menyu ilikuwa inafunguka na kujifunga hapohapo. Unagusa, inafunguka, inajifunga. Unagusa tena, hivohivo.

Sababu ni ule mlolongo niliousema. Kidole kinagusa, browza inaigiza mausi kuingia, na ile kodi ya "mausi ikiingia fungua" (safari hii nayo ilihamishiwa kwenye JavaScript ili zikae pamoja) inafungua. Sehemu ndogo sana ya sekunde baadae inakuja kubofya, ile kodi ya "ikibofywa geuza" inaangalia, inakuta menyu iko wazi, inaifunga. Kila kodi peke yake imefanya kazi yake sawasawa. Ni kama swichi mbili za taa ya ngazi, moja chini moja juu, huyu anawasha na mwingine dakika hiyohiyo anazima, na kila mmoja anaapa amewasha.

Kwanini kwenye kompyuta ilikuwa mara ndio mara hapana? Inategemea mausi imeshaingia au bado. Ukiingia na mausi menyu inafunguka kwa hova, ukibofya inafunga. Ukibofya tena bila kutoa mausi inafunguka. Kwahiyo jibu linategemea umebofya mara ngapi, na mtu anayejaribu haraka haraka hawezi kuliona.

Juu ya hilo kulikuwa na `slideDown` na `slideUp` za jQuery, na zenyewe zinapanga foleni. Ukipitisha mausi mara kadhaa kwa haraka, zinakumbuka kila moja, na menyu inaendelea kupanda na kushuka yenyewe wakati wewe umeshahamia kwenye mambo mengine. Hili lina dawa inayojulikana, unatanguliza `.stop(true, true)`, inafuta foleni. Ikawekwa, foleni ikaisha, kujifunga kukabaki.

Jaribio lililofuata lilikuwa la kutambua simu, kama ni kifaa cha kugusa tumia kubofya, kama sio tumia hova. Linavutia hili na limejaa kwenye websaiti nyingi. Shida ni laptopu zenye skrini ya kugusa, na pale chuoni zilikuwepo, mtu huyohuyo anatumia mausi sasa hivi na kidole baada ya sekunde kumi. Ukimhesabu ni wa simu hova inakufa, ukimhesabu ni wa kompyuta kidole kinarudi kwenye ugonjwa. Kuuliza "hiki ni kifaa gani" ni swali ambalo halina jibu moja. Swali lenye jibu ni "tukio hili limeletwa na nini", na hilo browza za sasa zinalijibu, tukio la `pointer` linakuja na `pointerType`, linakwambia ni mausi, kidole au kalamu.

Mabishano na bosi

Kufikia hapo sisi upande wa ufundi tulitaka kuitoa hova kabisa. Bosi wa mawasiliano hakutaka kusikia. "Vijana wangu, websaiti zote kubwa ukipitisha tu inafunguka. Ya kwetu mtu aanze kubofya? Itaonekana ya kizamani." Si hoja ya kupuuza, maana yeye ndo anayejibu kwa mkuu wa chuo. Tulimwambia Bootstrap, kifurushi cha kodi tayari za kujengea websaiti, ambayo imejaa kwenye websaiti za mashirika, menyu zake za kushuka kwa kawaida zinafunguka kwa kubofya. Hakushawishika na jina asilolijua.

Tukakubaliana kuijenga kama anavyotaka ila vizuri: hova isikilize `pointerType` ya mausi tu, kidole kisiihusu, alafu tukae kwenye maabara ya kompyuta tuwaangalie wanafunzi wakiitumia. Tuliwapa kazi moja, tafuteni ada ya stashahada, tukanyamaza.

Walichofanya karibu wote ni kupeleka mausi juu ya kichwa na kubofya. Hawakusubiri kuona kama inafunguka yenyewe. Mkono unaenda na kidole kinabofya kwa mwendo mmoja, ndivyo walivyozoea kwenye kila kitu kingine. Menyu inafunguka kwa hova, kubofya kunafika, inajifunga. Ugonjwa uleule wa simu, safari hii kwa mausi halisi na kodi iliyoandikwa sawa. Mwanafunzi mmoja akageuka kumwangalia bosi akasema, "Sir, mbona inakataa?"

Kuna namna ya kulikwepa, unapuuza kubofya kunakokuja muda mfupi baada ya hova kufungua. Tuliijadili. Lakini hapo unaanza kukisia nia ya mtu kwa kuhesabu milisekunde, na anayebofya taratibu, yule mzee wa ofisini, atabofya nje ya muda wako na menyu itamfungia. Bosi mwenyewe ndo alisema, "Basi toeni, ila kichwa kibadilike rangi mausi ikipita, watu wajue kinabofyeka." Ombi zuri, likawekwa vilevile.

Ilivyojengwa mwishoni

Kila kichwa chenye orodha kikawa kitufe, `button` ya kweli, chenye `aria-expanded`, alama inayosema kama orodha iko wazi au imefungwa. Kwenye HTML inayotoka kwenye seva bado ni linki ya kawaida inayokwenda kwenye ukurasa wake, JavaScript ikishapakia ndo inaibadilisha kuwa kitufe. Na zile kurasa nyeupe zikajazwa, ukurasa wa Udahili una linki zote zilizomo kwenye menyu ya Udahili. Hii ni kwa ajili ya wa Opera Mini, kwenye ile hali ya kubana data sana ukurasa unaandaliwa kwenye seva za Opera na simu inapokea ulioshakamilika, JavaScript haibaki kwenye simu ikisikiliza kidole. Pia ni kwa yule ambaye bando limekata kabla faili la menyu halijafika. Wote hao wanagusa Udahili na wanakuta fomu.

Hali ya menyu ikawekwa sehemu moja tu:

```
let iliyoWazi = null;

function weka(kitufe) {
  if (iliyoWazi) iliyoWazi.setAttribute('aria-expanded', 'false');
  iliyoWazi = kitufe;
  if (iliyoWazi) iliyoWazi.setAttribute('aria-expanded', 'true');
}
```

Hamna kodi nyingine inayoruhusiwa kufungua au kufunga. Kubofya kunaita `weka`, Esc inaita `weka(null)`, kila kitu kinapita hapo, na CSS inaangalia `aria-expanded` ndo inaonyesha orodha. Faida ambayo hatukuitegemea: ukitokea utata unaweka mstari mmoja wa kuandika kwenye konsoli ndani ya `weka` na unaona nani ameita na lini. Kabla ya hapo klasi ya "wazi" ilikuwa inawekwa na kutolewa na sehemu nne tofauti.

Themu ilikuwa imebandika `role="menu"` kwenye orodha, tukaitoa. Inaonekana ina maana lakini inamwahidi mtumiaji wa NVDA menyu ya programu, ya kutembea kwa mishale, na mishale haikuandikiwa kodi yoyote. Orodha ya linki na kitufe kinachosema "imefunguliwa" au "imefungwa" kinatosha kwa websaiti.

Ngazi ya tatu ikafutwa. Idara zikapewa kurasa zao.

Kufunga ndo kazi

Kufungua kuna njia moja, kubofya. Kufunga kuna njia nyingi na kila moja ilileta lake.

Kubofya nje ya menyu. Mwanzo tulisikiliza `click` kwenye ukurasa mzima, na kwenye baadhi ya iPhone haikufika, maana Safari ya simu haipeleki kubofya juu kama ulichogusa ni eneo tupu lisilo kitufe wala linki. Ndo lile lalamiko la menyu isiyofunga. Tukahamia `pointerdown`, tukio la kidole au mausi kubonyeza kabla ya kuachia. Hapo ikatokea nyingine: kitufe chenyewe kilihesabika "nje", kwahiyo ukikibofya ili ufunge, `pointerdown` inafunga, alafu kubofya kunafika kunakuta imefungwa, kunafungua. Menyu haifungi kwa kitufe chake hata uifanyeje. Kitufe na orodha vikawekwa kwenye kundi moja na "nje" ikawa nje ya kundi. Kisha picha za kuteleza za ukurasa wa mwanzo, ile plagini yake (programu ya nyongeza) ilikuwa inazuia matukio yasipande juu, ukigusa picha menyu haifungi. Tukasikiliza kwenye hatua ya kushuka, kabla plagini haijalishika tukio, likaisha.

Kiibodi ikitoka nje ya kundi. Tulitumia `focusout` tukiangalia `relatedTarget`, yaani umakini (fokasi, pale kiibodi inapofanyia kazi kwa wakati huo) unahamia wapi. Mwalimu mmoja mwenye MacBook akasema linki za menyu hazifunguki, anabofya menyu inapotea. Safari ya Mac haihamishii umakini kwenye linki au kitufe ukikibofya kwa mausi, na kodi ilikuwa inapeleka umakini kwenye linki ya kwanza kila menyu ikifunguka. Kwahiyo akibonyeza mausi, umakini unatoka na `relatedTarget` ni tupu, kodi inasema ametoka nje, inafunga, na akiachia mausi hamna tena linki chini yake. Tuliacha kupeleka umakini kwa nguvu, na `relatedTarget` ikiwa tupu tunapuuza, hiyo kazi ya `pointerdown`.

Esc inafunga na kurudisha umakini kwenye kitufe kilichofungua. Bila kurudisha, aliye kwenye kiibodi anaweza kujikuta mwanzo wa ukurasa. Kwa menyu zinazofunguka kwa hova mwongozo wa WCAG 2.1 (wa kuzifanya websaiti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu) wa mwaka 2018, kipengele 1.4.13, unataka mtu aweze kuifunga bila kusogeza mausi. Ya kwetu haina hova tena, ila Esc tuliibakiza na wafanyakazi wanaitumia kuliko tulivyodhani.

Na kitufe cha kurudi nyuma. Mtu anachagua linki kwenye menyu, anaenda, anarudi, browza inamrudishia ukurasa kama alivyouacha, menyu ikiwa wazi. Kuita `weka(null)` kwenye `pagehide`, tukio la mtu kuondoka kwenye ukurasa, kunamaliza.

Matokeo

Afisa udahili alisema simu za "fomu iko wapi" zimepungua sana. Hili nalichukua kwa tahadhari, maana wiki hiyohiyo liliwekwa tangazo kubwa la "Omba hapa" kwenye ukurasa wa mwanzo, na kwa maoni yangu hilo tangazo pamoja na kujaza ukurasa wa Udahili vimefanya kazi kubwa kuliko kodi yote ya menyu. Yule mwalimu wa NVDA sasa anaingia kwa menyu, lakini lile faili lake bado analo, anasema ni la haraka zaidi.

Walitokea wa kulalamika pia. Wafanyakazi kadhaa walizoea kubofya Kozi na kufika kwenye ukurasa wa Kozi, sasa kinafungua orodha. Ikawekwa linki ya kwanza ndani ya kila orodha, "Kozi zote", "Udahili wote", wakazoea. Na siku za mwanzo simu nyingine ziliendelea na faili la zamani la JavaScript, mpaka namba ya toleo ilipowekwa kwenye jina la faili.

Uchambuzi

Kilichokwamisha zaidi ni mpangilio wa maamuzi. Kutibu hova kwanza kulikuwa na sababu, msimu ulikuwa wazi na kubadili tabia ya menyu kuna hatari yake, na ile tiba ya pikseli na `visibility` ingehitajika kwa vyovyote. Lakini kuongeza kubofya juu ya hova kuliongeza mwenye kauli wa pili juu ya hali moja, na kila kiraka kilichofuata, kufuta foleni, kutambua kifaa, kuchuja `pointerType`, kilikuwa kinasuluhisha wenye kauli wawili badala ya kumwondoa mmoja. Foleni ya jQuery ndo iliyopoteza muda zaidi maana ilikuwa tatizo la kweli lililokaa juu ya tatizo lingine, ukilitibu unaona nafuu na unaamini uko njiani.

Kujaribu kwa kupunguza dirisha la browza hakukuonyesha kitu. Dirisha dogo lina mausi, simu haina. Zana za browza za kuigiza mguso zinasaidia kiasi, ila lile la iPhone kutopeleka kubofya lilionekana kwenye iPhone yenyewe tu, na timu haikuwa nayo, iliazimwa kwa mwanafunzi.

Maabara ndo ilimaliza ubishi, na ililimaliza kwa sababu bosi alikuwemo chumbani. Ripoti ya maandishi yenye maneno yaleyale isingemtoa alipo. Hatukumpa mshauri, tulimpa wanafunzi wake. Ila kikao kile kingewezekana kufanywa mwanzoni kabisa, kabla ya kodi yoyote, na ile websaiti mbovu iliyokuwepo, na tabia ya kupeleka mausi na kubofya kwa mwendo mmoja ingeonekana siku hiyo.

Kuna walioshauri kutumia `popover` iliyomo ndani ya browza, inayojifunga yenyewe ukibofya nje au ukibonyeza Esc, badala ya kuandika kufunga kwa mkono. Iliingia Chrome na Safari mwaka 2023, Firefox 2024. Kwa websaiti ambayo wageni wake wana simu mpya ningeanza na hiyo. Kwa chuo hiki, simu zinazoingia nyingi ni za zamani na browza zake hazijasasishwa, na kwenye browza isiyoijua orodha haifichwi, inabaki wazi imetandazwa juu ya ukurasa. Tuliiweka kando.

Lililobaki ni kibadilisha lugha kule chini ya ukurasa, Kiswahili na Kiingereza, bado kinaendeshwa na ile hova ya zamani kwa kuwa kinatoka kwenye plagini nyingine ambayo leseni yake ni ya yule fundi aliyeondoka. Kwenye Android kinamulika na kupotea. Chuo kimeamua kuzitoa lugha kwenye orodha na kuziweka kama linki mbili zilizo wazi, mtu aguse anayoitaka.